Robota na Kilichomo: Kesi ya Mchukuzi ya Mwaka 1473 na Historia ya Wizi wa Bidhaa za Biashara

1.0 Utangulizi

Mwaka 1473 mfanyabiashara mgeni, aliyeingia Uingereza kwa hati ya ulinzi ya Mfalme Edward IV, alifikisha lalamiko mbele ya Baraza la Mfalme. Mchukuzi mmoja alikuwa amepatana kupeleka marobota ya bidhaa hadi bandari ya Southampton. Mchukuzi aliyapokea marobota hayo, lakini badala ya kuyafikisha yalikotakiwa aliyapeleka kwingine, akayapasua, akatoa vilivyokuwamo na kuvitumia kama mali yake. Swali walilowekewa wajumbe wa Baraza, na baadaye majaji wote wa Mfalme, lilikuwa fupi: je, huyo ni mwizi?

Kwa msomaji wa Kiswahili wa leo swali hilo linaweza kuonekana halina haja ya kuulizwa. Katika lugha ya vituo vya polisi na mahakama za mwanzo tendo la mchukuzi lina jina lake, nalo ni wizi wa kuaminiwa. Hata hivyo, jina hilo lenyewe linaunganisha mambo mawili ambayo wanasheria wa mataifa kadhaa, kwa karne nyingi, waliyatenganisha kwa makusudi. Mwizi huchukua asichopewa. Aliyeaminiwa amepewa, kisha akakosa uaminifu. Ikiwa kitu kilikabidhiwa kwa hiari ya mwenyewe, ni lini hasa kilipochukuliwa?

Makala haya yanachunguza jinsi majaji wa mwaka 1473 walivyolijibu swali hilo na yaliyotokana na jibu lao, hadi kwenye kanuni za adhabu zinazotumika Tanzania na Kenya hivi leo. Wanahistoria wengi wa sheria wameisoma kesi hii kama ushahidi kwamba sheria ya jinai iliinama mbele ya nguvu ya biashara. Hoja ya makala haya ni tofauti kidogo. Majaji wale walimlinda mfanyabiashara, lakini walifanya hivyo kwa njia iliyouacha mpaka kati ya wizi na hiana mahali ulipokuwa. Mpaka huo ulifutwa baadaye sana, na Afrika Mashariki ulifutwa kwa hatua ya kiutawala mwaka 1930, bila mjadala unaolingana na ule wa mwaka 1473.

2.0 Mahali shauri liliposikilizwa

Ni lazima kwanza kuondoa utata unaotokana na neno rufaa, kwa kuwa kesi hii mara nyingi huorodheshwa pamoja na rufaa za jinai. Katika Uingereza ya karne ya 15 hapakuwa na rufaa ya jinai kwa maana tunayoijua. Neno la Kiingereza ambalo leo hufasiriwa rufaa wakati ule lilimaanisha shtaka la jinai lililofunguliwa na mtu binafsi dhidi ya aliyemkosea. Mtu aliyetiwa hatiani na baraza la waamuzi kumi na wawili hakuwa na mahakama ya juu ya kumsikiliza upya. Kilichokuwapo ni desturi ya majaji kukutana na kujadiliana jambo gumu la kisheria kabla ya hukumu kukamilika. Desturi hiyo ilirasimishwa mwaka 1848 kwa kuanzishwa mahakama ya kusikiliza maswali ya kisheria yaliyohifadhiwa na majaji wa mashauri ya jinai, na ni mwaka 1907 tu ndipo Uingereza ilipopata Mahakama ya Rufaa ya Jinai.

Hapa pana jambo linalostahili kutajwa hata kama linatutoa njiani kidogo. Kanuni za mwenendo wa jinai za India, ambazo Waingereza walizianza kuzitumia katika Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1897, zilimpa aliyetiwa hatiani haki ya kukata rufaa. Kwa hiyo mchukuzi aliyehukumiwa Mombasa mwaka 1900 alikuwa na njia ya rufaa ambayo mchukuzi mwenzake aliyehukumiwa London mwaka huohuo hakuwa nayo.

Shauri la mwaka 1473 lilianza katika Chumba cha Nyota, ukumbi wa Westminster ulimokutana Baraza la Mfalme. Aliyeongoza alikuwa Chansela, na Chansela wa wakati huo alikuwa Robert Stillington, Askofu wa Bath na Wells. Ilipopendekezwa kwamba hoja zijadiliwe kwa sheria ya kawaida ya nchi, Chansela alikuwa na la kusema. Mlalamikaji, alieleza, ni mgeni aliyekuja kwa ahadi ya Mfalme. Hawajibiki kusubiri taratibu za nchi wala waamuzi kumi na wawili. Anastahili kusikilizwa saa kwa saa na siku kwa siku kwa sababu biashara haingoji, na shauri lake liamuliwe kwa sheria ya maumbile, ambayo kwa baadhi ya watu ndiyo sheria ya wafanyabiashara inayotambuliwa duniani kote. Pamoja na kauli hiyo, shauri lilipelekwa kwa majaji katika Chumba cha Hazina. Mjadala wao umehifadhiwa katika Vitabu vya Mwaka, yaani ripoti za mashauri zilizoandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria. Ripoti haimtaji mfanyabiashara kwa jina, haimtaji mchukuzi, na haisemi ndani ya marobota mlikuwa na nini.

Uzito wa swali ulikuwa mkubwa pande zote mbili. Wizi wa kitu chenye thamani ya zaidi ya peni 12 ulikuwa jinai kubwa, na adhabu yake ilikuwa kunyongwa. Kama tendo halikuwa jinai, mfanyabiashara alibaki na madai ya kurudishiwa mali, njia ndefu dhidi ya mtu ambaye huenda hakuwa na kitu cha kulipa. Lakini kushinda nako kulikuwa na hatari yake. Mali iliyoibwa, mwizi akaitupa au kuiacha alipokuwa akikimbia, iliangukia kwa Mfalme au kwa mwenye haki aliyopewa na Mfalme. Mlalamikaji aliyethibitisha kwamba ameibiwa aliweza kujikuta amethibitisha kwamba bidhaa si zake tena.

3.0 Hoja za majaji

Jaji Mkuu Brian wa Mahakama ya Mashauri ya Raia ndiye aliyeshikilia msimamo mkali zaidi. Jinai ya wizi, kwa maelezo yake, haiwezi kuwapo pasipo uvamizi dhidi ya ushikaji wa mtu mwingine. Hapa ni muhimu kutofautisha ushikaji, yaani mali kuwa mkononi mwa mtu, na umilikaji, yaani mali kuwa ya mtu. Mchukuzi hakuwa mmiliki, lakini alikuwa mshikaji, na ushikaji huo aliupata kwa ridhaa ya mwenye mali. Mtu hawezi kukivamia kilichomo mkononi mwake mwenyewe. Lolote atakalolifanya baadaye haliwezi kurudi nyuma na kukiharibu kile kilichoanza kwa halali. Mwenye mali anaweza kumdai, hawezi kumnyonga.

Hussey, mwanasheria wa Mfalme, alijibu kwamba kiini cha wizi ni kujitwalia umilikaji wa mtu mwingine kwa nia ya kumdhulumu, na umilikaji haukuwahi kumtoka mfanyabiashara. Chansela aliongeza kuwa jinai hupimwa kwa nia, na nia mbaya inaweza kumwingia mshikaji kama inavyomwingia mtu baki. Kisha Molineux akatoa mfano ambao mtu yeyote wa mjini aliuelewa: anayeingia kilabuni kunywa ameingia kwa halali, lakini akiondoka na kikombe, uhalali wa kuingia kwake umeharibika. Brian hakukubali. Anayeingia kilabuni huingia kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa hiyo tendo lake la baadaye linaweza kutumiwa kuisoma nia yake ya mwanzo. Bali aliyekabidhiwa mali na mwenyewe hakujipa chochote.

Vavisour alijaribu mlango mwingine. Alidai kwamba hapakuwa na amana hata kidogo, bali mapatano ya kusafirisha. Mchukuzi alipewa ruhusa ya kuchukua kwa ajili ya Southampton tu, na mwenendo wake wa baadaye unaonyesha kwamba tangu mwanzo hakuchukua kwa ajili ya Southampton. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hoja hii ndiyo iliyokuwa na mustakabali mrefu kuliko zote, ingawa ilipita haraka katika mjadala. Ilisubiri zaidi ya miaka 300 kabla ya kuchukuliwa tena.

Jaji Choke ndiye aliyepata njia ya kati. Alikubaliana na Brian kwamba mwenye ushikaji wa amana hawezi kuiiba amana hiyo. Lakini, aliuliza, amana ilikuwa nini? Mchukuzi alikabidhiwa marobota yakiwa kitu kizima kilichofungwa. Hakukabidhiwa vilivyomo. Kama angeyauza marobota yalivyo, lisingekuwa kosa la jinai. Alipoyapasua na kutoa vilivyomo, alichukua kitu ambacho hakikuwa mkononi mwake kisheria. Choke alitoa mifano miwili. Aliyepewa pipa la mvinyo alisafirishe, akiuza pipa zima si mwizi, lakini akichota ndani yake ni mwizi. Aliyeachiwa ufunguo wa chumba akilinde, akichukua mali iliyomo chumbani ni mwizi, kwa sababu alichopewa ni ulinzi wa chumba.

Ni rahisi kuicheka hoja hii, na vizazi vya wanafunzi wa sheria vimeicheka. Anayeiba robota zima yuko huru. Anayeiba jora moja kutoka ndani ya robota anakwenda kwenye kitanzi. Hata hivyo, kabla ya kucheka inafaa kukumbuka jinsi robota lilivyofungwa na kwa nini. Wasomaji wa historia ya pwani yetu wanaijua mitumba ya nguo iliyobebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi katika karne ya 19, kila mmoja takriban frasila mbili, ukiwa umekazwa kwa kamba na kushonewa nje. Kufunga huko kulikuwa kwa ajili ya bega la mpagazi na kwa ajili ya mvua, lakini kulikuwa pia kauli ya mwenye mali: ninakukabidhi mzigo, sikukabidhi nguo. Kamba iliyokatwa haijifichi. Kila mtu anayeuona mtumba uliofunguliwa njiani anajua kwamba kuna aliyevuka mpaka, hata kama hajui kilichopungua. Choke hakuubuni mpaka huo. Aliukuta umeshafungwa na wafanyabiashara wenyewe, akaupa nguvu ya sheria.

Katika Chumba cha Hazina karibu majaji wote walikubali kwamba aliyekabidhiwa mali hawezi kuiiba. Ni Nedeham peke yake aliyepinga, na alipinga kwa mfano wa kustaajabisha: hata mmiliki anaweza kuiba mali yake mwenyewe, kama akiiweka kwa mtu kisha akaichukua kwa siri ili amdai fidia. Majaji walizungumzia pia mpishi na mtunza vinywaji wa nyumbani. Hao, walisema, hawana ushikaji wowote. Vyombo vya fedha vilivyo mikononi mwao bado vimo mikononi mwa bwana wao, kwa hiyo wakiondoka navyo ni wezi. Tutauona umuhimu wa kauli hiyo baadaye.

Mwishowe majaji walimpelekea Chansela taarifa kwamba wengi wao wanaona tendo la mchukuzi ni jinai. Pia waliliondoa lile tishio la mfanyabiashara kupoteza bidhaa zake: hati ya ulinzi ni mapatano kati ya Mfalme na mgeni, inamlinda mwili na mali, kwa hiyo si Mfalme wala aliyepewa haki na Mfalme anayeweza kuzidai bidhaa hizo. Taarifa haisemi ni hoja ya nani iliyoshinda. Kwamba leo kesi hii inajulikana kama kesi ya kupasua robota kunatokana na waandishi wa baadaye, hasa Edward Coke katika karne ya 17, aliyeandika kanuni hiyo kana kwamba ndiyo sababu pekee ya uamuzi. Vavisour na Hussey walifunikwa.

4.0 Wanahistoria na swali la nia ya majaji

James Fitzjames Stephen, aliyeandika historia ya sheria ya jinai ya Uingereza mwaka 1883, aliuona uamuzi huo kuwa maafikiano ya kumridhisha Chansela, na pengine Mfalme mwenyewe. Jerome Hall, katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu wizi, sheria na jamii, aliyapanua maoni hayo kuwa nadharia nzima. Edward IV alikuwa mfanyabiashara wa sufu na nguo kwa haki yake mwenyewe. Southampton ilikuwa bandari ya wafanyabiashara wa Italia, ambao wengi wao waliihama London baada ya ghasia dhidi yao katika miaka ya 1456 na 1457. Mabadiliko ya usafirishaji, kutoka kwa mtumishi wa nyumbani kwenda kwa mchukuzi wa kulipwa asiyejulikana na mwenye mali, yaliifanya sheria ya zamani ishindwe kulinda biashara. Majaji, kwa maoni ya Hall, walilazimishwa na nguvu hizo, na kupasua robota ni kisingizio tu cha kuficha badiliko.

George Fletcher alipinga mwaka 1976. Kwake, sheria ya zamani ya wizi haikutafuta nia iliyofichika moyoni, bali tendo ambalo jamii inaweza kulitazama na kusema: huyu anaiba. Mambo ya watu waliopatana na kuaminiana yalibaki nje ya jinai kwa sababu hayaonekani hivyo kwa mtazamaji. Kulipasua robota lilikuwa tendo linaloonekana. Kwa hiyo Choke hakutafuta kisingizio. Alikuwa akiufuata mtindo uleule wa kufikiri ulioongoza sheria tangu zamani.

Mwandishi anakubaliana zaidi na Fletcher, na anaona upo ushahidi mwingine unaoelekea upande huo ambao wanahistoria wa Uingereza hawakuwa na sababu ya kuutafuta. Ushahidi huo uko katika fikihi iliyotumiwa na makadhi wa pwani ya Afrika Mashariki. Kwa mujibu wa jumhuri ya wanazuoni wa Kisunni, wizi unaostahili adhabu ya hadi ni kuchukua kwa siri mali iliyofikia kiwango maalumu kutoka katika hirzi, yaani mahali pa hifadhi panapolingana na mali hiyo. Aliyewekewa amana akaila amana hahukumiwi kwa hadi ya wizi, kwa sababu hakuvunja hirzi yoyote. Mali ilikuwa kwake tayari. Anawajibika kulipa, na kadhi anaweza kumwadhibu kwa kadiri anavyoona. Tendo lake huitwa hiyana, neno lililotuachia hiana na haini katika Kiswahili. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Minhaj al-Talibin ya an-Nawawi ilikuwa miongoni mwa marejeo yake makuu Zanzibar na Lamu, mgeni aliyeruhusiwa kuingia nyumbani hahesabiwi mwizi kwa kilichoachwa wazi mbele yake, lakini anahesabiwa mwizi kwa kilichofungiwa mbali naye ndani ya nyumba hiyohiyo.

Kadhi wa Lamu angemwelewa Brian bila mkalimani, na pengine angemwelewa Choke vizuri zaidi: chumba kilichofungwa ndani ya nyumba, robota lililofungwa mikononi mwa mchukuzi. Hakuna anayeweza kudai kwamba majaji wa Westminster waliichukua fikra hii kwa mafakihi. Ndiyo maana ufanano huo una uzito. Kama mapokeo mawili yasiyokopeshana yaliufikia mpaka uleule, haitoshi kusema kwamba Brian alikuwa mzee aliyeng'ang'ania maneno. Alikuwa akilinda fikra yenye mantiki yake: kwamba adhabu ya mwisho imwangukie anayevunja ulinzi, na kwamba anayemwamini mtu mwingine amechagua mtu wake na sehemu ya hasara ya uchaguzi huo ni yake.

Jambo ambalo Hall aliliona kwa usahihi ni kwamba fikra hiyo ilikuwa ghali kwa biashara ya masafa. Mfanyabiashara wa Italia hakumchagua mchukuzi wake kama mtu anavyomchagua mpishi. Alimpata barabarani.

5.0 Kutoka robota hadi noti ya benki

Historia ya karne zilizofuata inaweza kusimuliwa kwa ufupi kwa kuwa imeandikwa mara nyingi. Sheria ya mwaka 1529 iliifanya kuwa jinai kwa mtumishi kutoroka na mali ya bwana wake yenye thamani ya shilingi 40 au zaidi aliyokabidhiwa aitunze. Mwaka 1779 mtu mmoja alimkodi farasi kwa safari ya Sutton, akamuuza siku hiyohiyo katika soko la Smithfield. Majaji kumi na wawili, waliohifadhiwa swali hilo, waliona kwamba kwa kuwa nia yake tangu mwanzo ilikuwa kumuuza farasi, ushikaji alioupata kwa hila haukuwa ushikaji halali. Hiyo ndiyo hoja ya Vavisour, ikirudi ikiwa imevaa nguo mpya.

Mwaka 1799 karani wa benki London alipokea noti ya pauni 100 kutoka kwa mteja, akaitia mfukoni badala ya kuiweka katika droo ya benki. Majaji walishindwa kumwita mwizi. Noti haikuwahi kufika mikononi mwa mwajiri wake, kwa hiyo hakuichukua kutoka kwa mwajiri. Na mteja aliitoa kwa hiari, kwa hiyo hakuichukua kutoka kwa mteja. Kanuni ya mpishi na vyombo vya fedha, iliyotajwa mwaka 1473 kumnasa mtumishi, hapa ilimwachia. Bunge lilitunga sheria mwaka huohuo kuziba pengo hilo. Mchukuzi naye alifikiwa mwaka 1857, pale sheria ilipotamka kwamba aliyekabidhiwa mali akijitwalia kwa udanganyifu ana hatia ya wizi hata kama hakupasua chochote. Baada ya miaka 384, kamba ya robota ilipoteza kazi yake katika sheria ya Uingereza.

6.0 Afrika Mashariki

Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo chimbuko lake ni rasimu ya Macaulay ya mwaka 1837, iliuchukua mkondo tofauti. Haikumfanya mchukuzi kuwa mwizi. Kifungu cha 378 kiliuelezea wizi kuwa kuondoa kitu kutoka katika ushikaji wa mtu bila ridhaa yake, na vifungu vya 405 hadi 409 vikaanzisha kosa la pekee la jinai ya kuvunja amana. Miongoni mwa mifano ya kifungu cha 405 yumo mchukuzi aliyekabidhiwa mali aisafirishe kwa nchi kavu au majini akajitwalia. Kifungu cha 407 kilimwekea mchukuzi na mtunza ghala kifungo cha hadi miaka saba. Cha kuvutia zaidi ni kifungu cha 462, kinachomwadhibu aliyekabidhiwa chombo kilichofungwa ambaye, bila mamlaka ya kukifungua, anakivunja kwa nia mbaya. Hata kama hakutoa kitu, kukivunja kwenyewe ni kosa. Choke angekitambua.

Kanuni hiyo ndiyo iliyotumika katika Himaya ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1897, na Tanganyika ilipowekwa chini ya Waingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa zaidi ya miaka 30, basi, hamali wa Mombasa au mpagazi aliyefungua mtumba hakuwa mwizi kisheria. Alikuwa mvunja amana. Makadhi na mahakimu wa kikoloni walitumia sheria tofauti, lakini katika jambo hili walikuwa wakigawa makosa kwa mstari mmoja.

Mwaka 1930 Wizara ya Makoloni iliziondoa kanuni za India katika Kenya, Uganda na Tanganyika na kuleta mfano wake yenyewe, uliotokana na kanuni ambayo Samuel Griffith aliiandikia Queensland, ikapitishwa huko mwaka 1899, kisha ikapitia Nigeria ya Kaskazini mwaka 1904. Griffith alikuwa ameandika ufafanuzi mmoja wa wizi wenye vitenzi viwili: anayechukua kwa udanganyifu, au anayejigeuzia kwa udanganyifu kuwa matumizi yake. Akaongeza kwamba katika kujigeuzia mali haijalishi kama mtu aliichukua kwa lengo hilo, au kama tayari ilikuwa katika ushikaji wake alipojigeuzia. Sentensi hiyo ni jibu la moja kwa moja kwa Jaji Mkuu Brian, na imo katika kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya na katika kifungu cha 258 cha Tanzania. Hiana ikawa wizi. Matumizi ya Kiswahili ya wizi wa kuaminiwa, ambayo kwa mtu wa mwaka 1473 yangekuwa maneno yanayopingana, yanaieleza sheria hiyo kwa usahihi mkubwa.

Hata hivyo, kanuni mpya haikuishia kumlinganisha aliyeaminiwa na mwizi. Ilimtanguliza. Nchini Kenya adhabu ya jumla ya wizi chini ya kifungu cha 275 ni kifungo cha hadi miaka mitatu. Wizi wa mtumishi, kifungu cha 281, ni hadi miaka saba. Wizi wa kitu kutoka katika chombo, gari au mahali pa kuhifadhia bidhaa zinazosafirishwa kutoka sehemu moja kwenda nyingine, kifungu cha 279, ni hadi miaka 14. Mpangilio wa Tanzania unafanana na huo, na kifungu cha 269 kinaweka miaka 10 kwa bidhaa zilizo safarini. Ngazi ya Brian imepinduliwa: yule aliyemweka nje kabisa ya jinai sasa anasimama karibu na kilele chake. Mtu anaweza kuutetea mpangilio huu kwa kutaja reli, bandari na umbali wa Ziwa Viktoria kutoka baharini. Lakini anayetetea anapaswa pia kueleza kwa nini dereva, kuli na karani wa ghala, ambao hasara ya bidhaa huanza kuwatazama wao kabla ya mtu mwingine yeyote, wabebe uzito ambao mvunja duka haubebi kwa kosa la wizi pekee.

Mabaki ya mjadala wa zamani bado yanajitokeza katika rufaa. Kifungu cha 271 cha Tanzania, kuhusu karani au mtumishi anayeiba, hakitosheki na mali ya mwajiri. Kinataja pia mali iliyofika katika ushikaji wa mtumishi kwa niaba ya mwajiri wake. Maneno hayo ya mwisho yapo kwa sababu ya noti ya pauni 100 ambayo mwaka 1799 haikufika drooni. Kifungu cha 273, kuhusu wakala na aliyekabidhiwa mali kwa kazi maalumu, kimesimama kando yake, na upande wa mashtaka unapaswa kuchagua. Wakili anayesimama mbele ya Mahakama Kuu na kudai kwamba mteja wake alishtakiwa kama mtumishi ilhali alikuwa msafirishaji wa kukodiwa, anauliza swali lilelile walilobishania Vavisour na Brian: huyu mtu, mali ilipomfikia mkononi, alikuwa nani kwa mwenye mali?